Mwaka Nilioyalaza Maua ya Mvua Kwenye Friji

Bi Zuhura alizikwa Jumanne, na kufikia Jumatano alikuwa ameshakuwa mtu mwingine kabisa. Nilikaa mkekani uani kwake, kule Butimba, Mwanza, nikiwasikiliza watu wakimtengeneza upya. Mwanamume mmoja, ambaye kanzu yake ilikuwa imenyooshwa vizuri kuliko maneno yake, alisema mama yetu alipenda sana maua. Watu wakaguna kwa masikitiko, nami nikamdharau papo hapo. Miaka yote niliyoishi mtaa ule sikumwona hata siku moja akija kuyatazama maua hayo mvua za kwanza zilipoanguka. Misibani watu hugawana marehemu kama wanavyogawana pilau: kila mmoja anataka sahani yake ijae, hata aliyefika wakati sufuria inakwanguliwa. Mimi nilinyamaza, na si kwa adabu. Nilinyamaza kwa sababu mwaka wa mwisho ambao macho ya Bi Zuhura yangeweza kuyaona maua yale, mimi ndiye niliyehakikisha hapakuwa na la kuona.

Nina miaka thelathini sasa na kazi yangu ni kutengeneza bustani kwenye majumba ya vilimani yanayotazama ziwa. Hakuna chuo kilichonifundisha; nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kuharibu. Wateja wangu wanataka ua lisilolala. "Dada, hili linachanua mwaka mzima?" ndilo swali lao la kwanza na mara nyingi la mwisho. Nikiwaambia lipo ua linalokaa ardhini miezi kwa miezi kama halipo, halafu likachanua wiki mbili tu, wananitazama kama niliyetaka kuwauzia redio mbovu. Mmoja aliishia kutandika nyasi za plastiki, na kila Jumamosi anaziosha kwa sabuni ya unga. Namdharau mtu huyo kwa moyo wangu wote. Lakini nikiwa mkweli, na nimekaa kuandika haya ili niwe mkweli, yeye hajamdhuru mtu. Mimi nilimdhuru, tena nikiwa na rula mkononi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimefeli hesabu na fizikia, nikaja Januari kukaa kwa Shangazi Modesta ili nijisomee na kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Shangazi alikuwa mpishi mstaafu. Alinipa chumba cha uani chenye dirisha moja, kitanda cha futi mbili na nusu, na meza iliyokuwa ikiyumba mpaka nilipoiwekea kipande cha ndala chini ya mguu. Hapo ndipo nilipoishi na wasiwasi wangu. Nilikuwa nikikosea herufi moja kwenye notisi, nachana ukurasa mzima na kuanza upya. Sura ya kwanza ya fizikia niliiandika mara tano na ya mwisho sikuifikia. Nilipanga kalamu zangu kwa urefu. Niliamini kwamba nilifeli si kwa sababu sikujua bali kwa sababu nilizungukwa na watu wa ovyo, na kwamba nyumba ya Shangazi ilikuwa ya ovyo kuliko zote. Friji ilivikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Chai iliungwa kwa maziwa mpaka haikujulikana kama ni chai. Mchana tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, vilivyochemshwa na karanga, na Shangazi alivila taratibu akitazama ukuta, kana kwamba ukutani palikuwa na jambo. Mimi nilikula na kitabu mapajani.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kufagia uwanja. Kwetu uwanja wa udongo ukifagiliwa vizuri hubaki na mistari ya fagio, na mtu akipita asubuhi anajua humo ndani kuna binti wa namna gani. Nilifagia kama ninayesahihishwa. Mistari yangu ilikwenda sambamba toka mlangoni hadi kwenye jabali lililokuwa nyuma ya nyumba, na hapo, chini ya jabali, iliharibikiwa. Palikuwa na kipande kama cha mikeka miwili ambacho Shangazi hakutaka kiguswe. Nilipofika kilikuwa na majani mapana, mengine yakiegemeana kama walevi; ilipofika Juni majani yalikuwa yamenyauka na kuanguka, pakabaki udongo wenye vumbi na mabaki. "Hapo pita mbali," Shangazi aliniambia. "Maua ya mvua yamelala." Nilipita mbali, na kila siku kipande kile kilinichoma kama kosa la hesabu ambalo mtu amekukataza kulifuta.

Sikuwa nimeyaona maua hayo, lakini niliyasikia kila jioni kupitia dirishani kwangu. Bi Zuhura alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyekaanga vitumbua vya kuuza asubuhi, na saa kumi na moja alikuja kwa Shangazi akipapasa ukuta kwa kiganja. Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilibakiza sehemu ya pembeni tu, hivyo akitaka kukuona aligeuza uso kama aliyekununia. Wakikaa, mazungumzo yao yalizunguka huko huko.

"Mwaka ule wa mvua kubwa yalikuwa mangapi?" Bi Zuhura angeuliza.

"Hamsini na moja."

"Hamsini. Lile moja ulihesabu mara mbili, mwizi wewe."

"Zuhura, mimi macho yangu yalikuwa mazima."

"Na yangu yalikuwa mazima, ndiyo maana nasema hamsini."

Nilikuja kuelewa kwamba walikuwa na mchezo. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, kila mmoja alitaja idadi ya maua yatakayotoka. Yakishatoka yote wanahesabu pamoja, na aliyekosea zaidi anampikia mwenzake samaki mzima, sato, wa kuchemsha, na ugali. Walikuwa wameufanya kwa miaka kumi na minane. Nakumbuka nilivyoweka kalamu chini niliposikia hivyo. Wanawake wazima wawili, niliwaza, wanasubiri mwaka mzima kitu kinachotoka chenyewe, halafu wanakihesabu. Niliona hiyo ndiyo furaha ya watu walioshindwa maisha. Niliiandika hata kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri.

Ilikuwa mwezi huo wa Juni nilipomsikia Bi Zuhura akisema jambo jingine, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya unga. Alikuwa ametoka hospitali. "Daktari anasema hiki kipembe kilichobaki hakifiki mwakani. Basi, nimemwambia, sawa, ila kinifikishe Oktoba. Nataka niyaone ya mwaka huu, Modesta. Yakiwa mengi ndiyo vizuri, maana moja moja siyapati tena. Wekundu ukiwa mwingi naupata." Nilisikia chai ikimiminwa. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua kilichokuwa kinangojewa na nilijua kinangojewa na nani.

Agosti Shangazi alivuka ziwa kwa feri ya Kamanga kwenda Sengerema kumuuguza dada yake, akakaa huko mwezi na siku kadhaa. Nilibaki peke yangu na ule udongo. Nilikuwa nimeanza kutazama video za bustani kwenye simu, nikinunua bando kwa pesa ya mboga. Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja wa Ulaya mwenye mabuti ya mpira, mtaratibu, anayesema kila kitu kwa vipimo, na nilimpenda kuliko binadamu yeyote niliyekuwa nikiishi naye. Kiingereza chake nilikifuata kwa kamusi. Alisema maua ya vitunguu, yale yanayoota toka kwenye tunguu lililo ardhini, yakisongamana hudhoofika. Yachimbuliwe, yasafishwe, yatenganishwe, yapewe wiki kumi za baridi kali, kisha yapandwe kwa nafasi sawa na kina sawa, nayo yatalipa. Nyuma yake theluji ilikuwa imefunika uzio. Sikujiuliza theluji inahusika vipi na Butimba. Sikujiuliza kama maua yake na ya Shangazi yanafahamiana. Kwangu kitunguu kilikuwa kitunguu. Nilichokiona ni kwamba hatimaye kuna mtu mwenye akili aliyekubaliana nami kuhusu kile kipande cha chini ya jabali.

Nilitaka nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nilitaka Bi Zuhura apate wekundu mwingi, hilo ni kweli. Lakini nilitaka zaidi kuuona uso wa Shangazi akigundua kwamba kwa miaka kumi na minane alikuwa anakosea. Nilitaka kusahihisha.

Nilichimba kwa siku mbili. Vilitoka vitunguu arobaini na tisa, namba iliyonifurahisha kwa sababu ni saba mara saba. Vilikuwa na mizizi minene, myeupe, iliyojaa maji kama tambi zilizoiva, nami nikaikata yote kwa mkasi wa kushonea mpaka kila kitunguu kikabaki kisafi kama kichwa kilichonyolewa. Nilivisugua kwa mswaki. Nikavifunga kwenye mfuko wa kaki na kuviweka kwenye friji, droo ya chini, kando ya nyanya. Kilichonisumbua ni zile wiki kumi, maana nilikuwa na nne tu kabla Shangazi hajarudi. Nikapiga hesabu, na hesabu ndiyo niliyokuwa nimefeli, nikaona kwamba baridi ikizidi maradufu muda unaweza kupungua nusu. Nikazungusha swichi ya friji hadi mwisho. Nyanya ziligeuka mawe. Kila usiku nililala nimeridhika, nikisikia friji ikinguruma kwa juhudi upande wa pili wa ukuta, na nilijiona mtu wa kwanza Mwanza nzima kuyapa maua majira ya baridi.

Siku tatu kabla Shangazi hajarudi niliyapanda. Nilipigilia misumari, nikavuta uzi, nikapima kwa rula ya kwenye mkebe wa hesabu: mistari saba, vitunguu saba kila mstari, sentimita ishirini toka kimoja hadi kingine, sentimita kumi na mbili kwenda chini. Viwili vilikuwa laini kidogo vikitoa harufu. Nilivipanda hivyo hivyo ili mstari usipungue. Kisha nikafagia juu yake, na kwa mara ya kwanza mistari ya fagio ilifika kwenye jabali bila kukatika. Shangazi aliporudi alitua mzigo wake, akatazama uwanja, akasema, "Umefagia vizuri, Leti." Hakujua alichokuwa anakisifu, na mimi nilikubali sifa.

Kumbikumbi waliruka wiki ya pili ya Oktoba. Jioni ile Shangazi alisema sitini, na Bi Zuhura akasema thelathini na tano. "Mwaka huu unaniogopa," Shangazi alimtania. "Siogopi, nina busara," akajibu mwenzake. Mvua ilipiga usiku kucha, na asubuhi Bi Zuhura alikuwa ameshafika kabla chai haijachemka, ameacha vitumbua vyake kwa mpangaji wake. Aliwekewa kiti chini ya jabali, akageuza uso pembeni, akangoja. Akaja kesho yake. Akaja siku tisa mfululizo. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani na kitabu cha fizikia kikiwa kimefunguka ukurasa ule ule. Maua ya mvua hutangulia, majani hufuata. Hata mimi nilikuwa nimeshasikia hivyo mara mia. Siku ya kumi ardhi ilipasuka, na kilichotoka kilikuwa majani.

Siku hiyo Bi Zuhura alikuwa bado hajafika. Shangazi alitoka na chupa ya chai, akasimama. Majani yalikuwa madogo, kila moja limeviringika kama sigara ya kijani, na yalisimama mistari saba.

"Leti."

"Abee, Shangazi."

"Haya nani kayapanga foleni?"

Nilimweleza. Nilianza na msongamano, nikaenda kwenye baridi, nikafika kwenye kina na nafasi. Nilieleza vizuri sana. Ningekuwa kwenye mtihani ningepata alama zote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso, na hilo lilikuwa baya kuliko kupigwa.

"Ukaikata mizizi."

"Ndiyo, Shangazi. Nilitaka yawe mazuri."

"Kwani yalikuwa mabaya?"

Alitua chupa juu ya kiti cha Bi Zuhura, polepole. "Nenda kamwambie mwenyewe, kabla hajatoka kwake. Mimi sina mdomo huo."

Jiko la Bi Zuhura lilikuwa la mkaa, kibarazani, na alikaanga kwa kusikia. Alijua kitumbua kimeiva kwa sauti ya mafuta. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanafunzi," jina alilonipa kwa kejeli tangu nilipofika. Nilikaa kwenye kigoda nikasema yote kwa pumzi moja. Hakugeuza uso wake pembeni ili anione. Alibaki anatazama sufuria ambayo hakuiona.

"Uliyatia kwenye friji," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Friji ya Modesta. Ile ya sato."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

"Ili yapate baridi."

"Yalikuambia yana joto?"

Nilianza kulia, na hata kilio changu nilikidharau kwa sababu nilijua ninakitumia. Aliniacha. Akageuza kitumbua kimoja, kisha cha pili.

"Hayajafa?"

"Hayajafa, Bibi. Ni machache tu yaliyooza. Mwakani yatatoka, mengi kuliko kawaida."

"Mwakani," alisema. Alilirudia neno hilo kama mtu anayepima samaki kwa mkono na kumrudishia mchuuzi. Kisha akaacha kugeuza vitumbua hadi harufu ya kuungua ikanijia, jambo ambalo sikuwahi kuliona jikoni kwake. Akakiopoa kile kitumbua cheusi na kukiweka kando. "Haya. Mimi nilisema ngapi?"

"Thelathini na tano, Bibi."

"Na yeye?"

"Sitini."

"Yametoka mangapi?"

"Hakuna, Bibi. Sifuri."

"Sasa wewe si ndiye wa hesabu? Thelathini na tano na sitini, ipi iko karibu na sifuri?"

"Thelathini na tano."

"Kamwambie shangazi yako atafute sato mkubwa. Asiniletee kitoto."

Sato alipikwa Jumapili. Nilimparua magamba mimi. Wale wawili walikula chini ya jabali, mbele ya majani saba kwa saba, wakibishana kama chumvi imetosha, na Bi Zuhura aliutafuta mfupa wa kichwa kwa vidole na kuunyonya mpaka ukatoa sauti. Nilikuwa nikiwatazama toka mlangoni nikitafuta ile hukumu yangu ya daftarini, watu walioshindwa maisha, na sikuweza kupata mahali pa kuikalisha. Hakuna aliyeniambia nimesamehewa. Hakuna aliyenifukuza pia. Wiki tatu baadaye nilifanya mtihani, nikafaulu kwa alama za kawaida kabisa. Ilipofika Pasaka ya mwaka uliofuata, jicho la kulia la Bi Zuhura lilikuwa limekwisha.

Maua yalitoka Oktoba iliyofuata, mimi nikiwa bado pale. Niliyaona kwa mara ya kwanza asubuhi, nikiwa na fagio mkononi. Nilikuwa nimeyasikia kwa karibu miaka miwili na sikuwa nimeelewa kitu. Ardhi ilikuwa tupu jana yake. Sasa palikuwa na mipira myekundu, mikubwa kuliko vichwa vya watoto wachanga, kila mmoja umeundwa na mamia ya vijiua vyembamba vilivyotoka kila upande kama cheche, na ncha zake zina vumbi la njano. Hayakuwa na jani hata moja. Yalikuwa yamejitokea tu, mekundu yasiyoomba ruhusa, na mwili wangu ulicheka kabla sijauzuia. Nilidondosha fagio. Nikayahesabu mara tatu: thelathini na nane, kwenye mistari yangu, yenye mapengo.

Bi Zuhura alikuja akiwa ameshikwa mkono na Shangazi, akaketi kitini. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea ziwani. Nilitangulia kusema, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nilikuwa na maneno. Nikamwambia idadi. Nikamwambia kipenyo. Nikaanza kumweleza rangi, kwamba si nyekundu ya damu wala si ya nyanya, bali iko katikati, ikielekea kidogo kwenye chungwa pale mwanga unapo...

"Mwanafunzi, nyamaza," akasema. "Modesta."

Shangazi alikuwa amesimama na chupa ya chai, hajamimina. Alitazama maua muda mrefu, kama alivyozoea kutazama ukuta.

"Yamekuja, Zuhura," akasema. "Mekundu mpaka yanatia aibu."

Bi Zuhura aliegemea nyuma, akaachia pumzi. "Eeh," akasema. "Hapo sasa nimeona."

Wakaanza kucheka, sijui kwa jambo gani, la mwaka gani. Mimi niliingia ndani nikaosha vikombe, vilivyokuwa vimeshaoshwa.